Sebule ndogo, amplifaya ya babu na masikio ya mtoto

SEHEMU YA 1: NILIMWITA MARA TATU

 

Wiki iliyopita niliahidi tutaongea masikio. Najua wengi mnasubiri mada ya usaha na zile pamba za kuchokonolea. Ipo, inakuja. Ila leo naanza na sebule yangu mwenyewe, na naomba msinicheke.

Mnaonifuatilia mnajua naishi hapa Sanje, chini ya milima ya Udzungwa. Nyumba yetu ni ya kawaida: kuta za saruji, bati juu, dari bado hatujapiga. Sebule ni mita 3 kwa mita 3 na nusu. Ukikaa kwenye kochi na kunyoosha miguu, unakaribia kugusa meza ya TV. Humo tunaishi watano: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka 7, mdogo wake ambaye wakati huo alikuwa na mwaka 1 na miezi 10, na baba mkwe. Baba tulimchukua baada ya mama mkwe kufariki, maana kule Mngeta alibaki peke yake.

Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, bodaboda kanishusha barabarani. Toka pale barabarani nasikia sabufa yangu. Siyo ya jirani, yangu. Naingia ndani, baba mkwe amekaa kwenye kochi ameweka kiganja nyuma ya sikio, anasikiliza taarifa ya habari. Mdogo kalala kwenye mkeka, kichwa chake na boksi la sabufa havipishani hata hatua moja. Mtoto kalala fofofo na madirisha yanatetemeka.

Nikasema "shikamoo baba". Hakusikia. Nikapunguza sauti, ndipo akashtuka, "Aa, marahaba mwanangu, umerudi?"

Hilo tu ningelisahau. Ila saa mbili baadaye mdogo kaamka, anachezea vifuniko vya chupa, kanipa mgongo. Sabufa imezimwa. Nikamwita jina lake. Hakugeuka. Nikamwita tena, nikamwita mara ya tatu kwa nguvu. Kimya. Nikagonga meza kwa kofi, ndipo akageuka na kunitabasamia.

Mama zangu, mimi ni nesi. Kliniki huwa nawauliza nyie: "Mtoto akiitwa anageuka? Ameanza maneno mangapi?" Mtoto wangu alikuwa na maneno mawili tu, "mama" na "chai". Na mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba watoto wa kiume huchelewa kuongea. Nilikaa chini pale pale kwenye mkeka.


SEHEMU YA 2: KIPIMO, NA MAUNGAMO YANGU

Kabla sijaendelea, niungame. Sabufa ile niliinunua mimi, kwa hela ya mchezo. Na ni mimi niliyeizoesha nyumba kelele. Ukitoka zamu ya usiku unataka kulala, na mtoto akiwekewa katuni na baba akiwekewa redio, kila mtu anatulia. Kwa hiyo asubuhi hadi jioni kulikuwa na kitu kinaongea ndani ya nyumba, na mara nyingi hakuwa mtu.

Tukaenda kliniki ya masikio. Wakaangalia, wakapima. Mtoto alikutwa na maji nyuma ya ngoma za masikio, yote mawili. Hii ni kawaida kwa watoto wadogo baada ya mafua ya mara kwa mara. Haina usaha unaotoka, mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana mama hajui. Mtoto anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo: sauti zipo ila maneno yamefifia. Mara nyingi hupona yenyewe ndani ya miezi 3. Tukaambiwa turudi baada ya miezi hiyo.

Nikauliza swali lililokuwa linanichoma: ni sabufa? Mtaalamu akaniambia kwa upole kwamba sabufa haileti maji nyuma ya ngoma ya sikio. Halafu akaniuliza, "Nyumbani mnaongea naye saa ngapi, na wakati huo kuna kitu gani kinapiga kelele?" Nikakosa jibu. Mtoto ambaye tayari anasikia kwa shida, halafu maneno ya mama yake yanashindana na besi kutwa nzima, atajifunzia wapi kuongea?

Sasa sikilizeni hizi namba, ziandikeni.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akisikiliza vifaa vyake asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Na kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Mtu mzima kwenye desibeli 83 ana saa 20 kwa wiki, kwenye 86 ana saa 10, na kwenye 90 anabakiwa na saa 4 tu. Wiki nzima, saa 4!

Sababu ni hii. Ndani kabisa ya kila sikio kuna seli zenye vinywele, takribani 15,000. Ndizo zinazobadili sauti iwe ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Ngozi ikichubuka inaota nyingine, mfupa ukivunjika unaunga. Seli hizi zikifa kwa binadamu haziotei tena.

Huna kipimo? Tumia mkono. Kaa na mtu umbali wa mkono mmoja na uongee sauti ya kawaida. Kama unalazimika kupaza sauti akusikie, hapo pamezidi kwa mtoto.

Na hizi ndizo dalili za kukuleta kliniki bila kusubiri:
- Kichanga hashtuki kwa kishindo.
- Miezi 6 hageuki kutafuta sauti inatoka wapi.
- Mwaka 1 haitiki jina lake.
- Miaka 2 hajaunga maneno mawili, mfano "mama njoo".
- Umri wowote: anaongeza sauti ya TV, au anakuangalia mdomo sana ukiongea.

Usiseme "wa kiume huchelewa". Nilisema mimi, na nilikuwa nimekosea.


SEHEMU YA 3: BABA MKWE AFUNGA BEGI

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikachomoa sabufa, nikaifunga kwenye boksi lake, nikaisukuma uvunguni. Nikatangaza: kuanzia leo hakuna kelele humu.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Siku tatu nyumba ilikuwa kimya. Baba mkwe hakusema kitu. Siku ya nne nimetoka kazini namkuta kafunga begi, kavaa kofia, kakaa kizingitini. Nikamwuliza, "Baba, unaenda wapi?" Akasema, "Narudi Mngeta." Nikamwuliza kwa nini. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, toka mama yenu aondoke, usiku nikikaa kimya namsikia akikohoa. Redio ndiyo inanisaidia. Sasa mmenikalisha kama niko kaburini."

Nilipiga magoti pale pale nikamwomba msamaha. Miezi minane naishi naye, sikuwahi kumwuliza kwa nini hazimi redio. Nilidhani mzee anapenda kelele.

Hakuwa anapenda kelele. Nilimpeleka naye akapimwe, na hili nataka kila mwenye mzee nyumbani alielewe. Baba alifanya kazi karibu na mashine miaka mingi. Masikio yanayochoka kwa umri au kwa mashine huanza kupoteza sauti nyembamba. Na sauti nyembamba ndizo zinazobeba herufi kama s, f, sh, t na k. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba mtu anaongea, ila hapati maneno. "Sita" na "fika" kwake vinaweza kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana anaongeza sauti.

Sasa sabufa ni nini? Ni mashine ya sauti nene. Besi, kazi yake ndiyo hiyo. Mzee anaongeza apate s na f, yeye anaongezewa besi. Besi inafunika maneno zaidi, anaongeza tena. Huku mtoto amelala pembeni anakula yote. Sebule moja, watu wawili wenye masikio ya shida, na kifaa kisichomfaa hata mmoja wao.

Baba akafungua lile begi. Chini ya nguo kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye gunia. Akasema, "Basi kama ile ya kwako mbaya, tutengeneze hii." Ilikuwa amplifaya ya zamani ya valvu, zile zenye taa za kioo ndani zinazowaka rangi ya chungwa. Aliinunua miaka mingi iliyopita kwenye baa moja ya Ifakara iliyokuwa inafungwa. Alikuwa akiisikiliza akiwa kijana, wakipigiwa Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Alituambia kwa fahari kwamba Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walienda mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Binti yangu akauliza Japani ni mbali kuliko Dar? Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu aje kwetu.

Begi likarudi chumbani.


SEHEMU YA 4: KUOANISHA AMPLIFAYA NA SPIKA (HATA WEWE UTAELEWA)

Tukaipeleka Ifakara kwa fundi redio, mzee mwenzake. Fundi akabadilisha kapasita zilizovimba, akaagiza taa mbili kutoka Dar, zimeandikwa EL84 kwenye kioo. Ikachukua mwezi mzima. Akasema inatoa kama wati 10 ikiwa imejitahidi.

Baba watoto akaguna. "Wati 10? Sabufa ni wati 8,000!"

Mama zangu, mkienda dukani msidanganywe na hili. Zile namba za maelfu kwenye boksi zinaandikwa PMPO. Ni namba za tangazo. Geuza kifaa uangalie kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa kinakula umeme kiasi gani. Yetu iliandikwa wati 60. Kifaa kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kukupa wati 8,000 kwa wimbo mzima, kama vile huwezi kuchota ndoo 100 kwenye pipa lenye ndoo 1. Namba ya maana inaandikwa RMS.

Na kwa sebule ya mita 3, wati 10 siyo kidogo. Ni nyingi. Nitaeleza.

Jaribio letu la kwanza lilishindikana. Baba watoto, kwa kubana matumizi, alileta spika ya gari aliyopewa na rafiki yake, ya omu 4, akaichomeka kwenye tundu lolote lililo wazi. Sauti ilitoka imekwaruza na imefifia. Baba mkwe akazungusha kitufe mpaka mwisho. Taa zikawa za moto kupita kiasi, na maneno bado hayasikiki. Nikasema moyoni, tumerudi pale pale.

Fundi alipokuja alicheka, halafu akanifundisha, na mimi niliielewa kwa lugha ya wodini.

Jambo la kwanza ni omu. Kwenye wodi, kichanga nikimtafutia mshipa natumia kanula ndogo ya njano, namba 24. Mtu mzima anayehitaji maji haraka namwekea ya kijani, namba 18. Dripu ni ile ile na maji ni yale yale, ila njia lazima iendane na mshipa. Amplifaya ya valvu iko hivyo. Zile taa zinafanya kazi kwa volti kubwa na mkondo mdogo. Spika inataka kinyume chake, volti ndogo na mkondo mkubwa. Katikati kuna transfoma inayowapatanisha, na nyuma ina matundu yameandikwa 4, 8 na 16. Spika ya omu 4 inaingia kwenye 4, ya 8 kwenye 8. Baba watoto alikuwa ameweka ya 4 kwenye 16. Nguvu inapungua, sauti inakwaruza na taa zinateseka.

Na hili ni la lazima: amplifaya ya valvu usiipige bila spika. Ile transfoma inaweza kuungua. Unaunga spika kwanza, ndipo unawasha.

Jambo la pili ni wepesi wa spika. Hapa ndipo mimi nilipofunguka macho. Spika hazifanani. Zikipewa wati 1 na ukapima ukiwa mita 1 mbele yake, moja inakupa desibeli 86, nyingine inakupa 92. Namba hii huandikwa kwenye karatasi za spika au nyuma yake. Tofauti ya 6 inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 zinadai wati mara mbili. Kwa hiyo ya 86 inahitaji wati mara nne ili ilingane na ya 92. Spika za gari na za sabufa nyingi zina mwili mzito kwa ajili ya besi, zinataka nguvu kubwa ndiyo zitikisike. Spika za enzi za valvu zilikuwa na karatasi nyepesi na sumaku nzuri, kwa sababu wati zenyewe zilikuwa chache.

Sasa piga hesabu. Spika ya 92 ikipewa wati 1 tu inakupa desibeli 92 ukiwa mita 1. Kumbuka namba za sehemu ya 2! Ndiyo maana nikasema wati 10 kwa sebule yetu ni nyingi. Kwa kusikiliza kwa adabu, amplifaya inatumia chini hata ya wati 1. Zilizobaki ni akiba.

Fundi alitoa spika ya inchi 10 kwenye redio kubwa ya mbao iliyokufa, ya omu 8. Seremala wa hapa kijijini akatengeneza boksi la mninga kwa vipimo vya fundi. Spika moja tu. Baba watoto alitaka mbili, fundi akamwambia, "Amplifaya hii ni ya upande mmoja, na chumba chenu hiki mkiweka mbili mtakaa wapi?"

Tukaichomeka kwenye 8. Fundi akachomeka simu kwa waya, akaweka wimbo wa Mbaraka. Kitufe kilikuwa hakijafika hata robo.

Baba mkwe alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio kama kawaida yake. Akakishusha. Akasema, "Kumbe anasema hivyo?" Wimbo alioucheza miaka hamsini, kuna neno alikuwa halipati tangu masikio yachoke. Mimi nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, nikasema ni vitunguu.

Sitawadanganya kwamba taa za kioo zina dawa ya masikio. Hazina. Mwenye redio ndogo ya kawaida yenye spika nzuri anaweza kufika hapo hapo kwa bei nafuu, tena bila joto. Kilichomsaidia baba ni kwamba spika ile haikufunika maneno kwa besi, na iliendana na amplifaya yake na chumba chake.


SEHEMU YA 5: PANGA CHUMBA, LINDA MTOTO

Hata ukiwa na sabufa yako ya kawaida, haya yanakuhusu.

1. Sogeza spika kwa anayeihitaji. Ukikaa nusu ya umbali wa mwanzo unapata nyongeza ya bure. Nje uwanjani ni desibeli 6 kamili. Ndani ni pungufu, maana kuta zinarudisha sauti, lakini bado unaisikia. Spika ya baba iko mita 1 na nusu kutoka kiti chake, kimo cha sikio lake akiwa amekaa. Mkeka wa mdogo tumeuhamishia upande wa pili kabisa.

2. Usiweke spika kwenye kona. Kuta mbili zikikutana zinaongeza besi, na besi ndiyo inayofunika maneno. Sisi tuliivuta mbali na kona ya ukuta, mambo yakabadilika.

3. Kuta tupu za saruji zinarudisha sauti na maneno yanagongana. Pazia zito, mkeka, kochi la kitambaa, hata godoro lililosimamishwa ukutani, vinapunguza mwangwi. Mkipata hela ya dari, pigeni. Mvua ya masika kwenye bati tupu nani asiyeijua, unaongeza redio mpaka mwisho na bado husikii.

4. Joto. Kioo cha valvu kinaweza kupita nyuzi 100. Kidole cha mtoto ni sekunde moja. Fundi alitutengenezea kifuniko cha wavu wa chuma, na amplifaya iko kwenye rafu ambayo hata binti wa miaka 7 haifikii. Na jamani, vile vitambaa vyetu vya kufuma tunavyovalisha redio na TV, hapana! Kitu chenye joto kinataka hewa. Kitambaa juu ya valvu ni moto wa nyumba.

5. Umeme. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 200 mpaka 300 na zaidi, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata ukiwa umechomoa. Asifungue mtu yeyote isipokuwa fundi anayezijua. Umeme ukikatika, zima na uchomoe, usisubiri urudi kwa kishindo.

6. Boksi la spika ni zito. Mtoto anayejifunza kusimama anashika chochote. Lifunge kwenye rafu au ukutani lisimwangukie. Nyaya zipite nyuma ya kabati, siyo katikati ya sebule.

7. Saa za ukimya. Hili ndilo muhimu kuliko yote, na halina gharama. Kwetu redio inazimwa wakati wa kula, wakati wa kuoga mtoto na saa moja kabla hajalala. Siyo adhabu kwa babu, tulikubaliana naye. Wakati huo tunaongea. Namwangalia mdogo usoni, namwambia: hii sabuni, hili sikio, huu mguu wa nani?

Mwanzoni niliona aibu kuongea peke yangu kama kasuku. Halafu nikagundua vitu ambavyo sabufa ilikuwa imetunyima. Trela za miwa zikipita barabarani. Maji ya mto yanayoshuka kutoka maporomoko ya Sanje. Na kima wa milimani, yule ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 wakampa jina la kijiji chetu, wakati wazee wa hapa walikuwa wanamjua tangu utotoni. Babu alimwonyesha mdogo kidole upande wa msituni, "Sikia." Sijui kama alisikia. Lakini aliangalia kidole, halafu akaangalia mdomo wa babu.


SEHEMU YA 6: TULIPOFIKIA

Mmeniuliza sana, mtoto vipi?

Tulirudi baada ya miezi 3. Sikio la kulia limekauka. La kushoto bado lina maji kidogo. Tumepewa miezi mingine, na kama halitapona wataangalia cha kufanya. Siwezi kuwaambia kwamba yamekwisha, maana hayajaisha. Ila maneno yake sasa sihesabu tena kwa vidole vya mkono mmoja. Anasema "babu", anasema "maji", anasema "zima". Hilo la mwisho alilijifunza kwetu, na analitumia hata kwa jirani.

Baba mkwe ameshauriwa kifaa cha kusaidia kusikia. Bei yake ni kubwa kwetu, tunachanga. Yeye mwenyewe anasema amplifaya inamtosha. Nikimwambia amplifaya haiwezi kumfuata kanisani na sokoni, anasema, "Tutaona, mama."

Sabufa niliitoa uvunguni. Sikuiuza. Binti akiwa na sherehe yake tunaipiga nje uwanjani, watoto wanacheza mbali nayo, inazimwa mapema. Kifaa kile hakikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekiweka chumba kisicho chake, karibu na masikio yasiyo yake, na nikakiacha kifanye kazi yangu ya kuongea na mtoto.

Kazi ya leo kwa kila anayesoma. Washa redio au TV yako kama unavyoiwasha siku zote. Usikae kwenye kiti chako. Kaa chini, pale pale anapokaa au kulala mtoto wako, kimo chake, dakika mbili. Halafu mwite mwenzako aliye umbali wa mkono, kwa sauti ya kawaida. Kama hakusikii, unajua cha kufanya. Na kama kuna mzee nyumbani anayeongeza sauti kila siku, usimnyang'anye rimoti. Mwulize kwanza anatafuta kusikia nini.

Niambieni mmeona nini, nasoma zote hata nikichelewa kujibu. Kesho niko zamu ya usiku. Keshokutwa tunaanza ile ya usaha, na tafadhali, hizo pamba za masikio zitoeni kwenye sikio la mtoto leo hii.

Ni mimi nesi wenu, Sanje.